Barua kwa mwanangu aliye Changsha: sketi nyekundu ilikuwa ya nani

Tanga

Mwanangu mpendwa Zawadi,

Nimeipokea barua yako na nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimeketi kwenye cherehani ya marehemu mama yako, kwa sababu swali lako lingempendeza yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Umeniandikia kwamba rafiki yako wa chuoni amekuazima sketi nyekundu ya marinda, ile wanayoiita mamianqun, uivae siku ya kupiga picha za mahafali. Kwamba bibi yake alipokuona umeijaribu alifurahi, kisha akasema kuwa zamani sketi ya rangi ile haikuwa ya kila mwanamke. Na kwamba siku chache baadaye mlikwenda Jumba la Makumbusho la Hunan, ukaliona vazi la hariri la yule bibi wa Mawangdui, makaburi ya kale yaliyochimbuliwa hapo Changsha, ukatoka na swali linalokusumbua hadi leo. Iwapo mwanamke wa China ya kale alitakiwa kumtii baba yake, akiolewa amtii mumewe, na akifiwa amtii mwanawe, kwa nini basi alivishwa vizuri namna ile? Je, nguo zile zilimpandisha au zilimfunga?

Nitakujibu kwa kadiri mwalimu wa historia aliyestaafu anavyoweza, nikisaidiwa na yale niliyojifunza kwa mama yako kuhusu mshono. Nguo ya mwanamke wa China ya kale ilitangaza cheo kwa uwazi kuliko barua ya utambulisho, ila cheo chenyewe kilikuwa cha mtu mwingine: cha baba, cha mume au cha mwana. Ukilishika hilo, mengi uliyoyaona kwenye makabati ya vioo yatakufungukia.

Tuanze na vazi lile ulilosimama mbele yake. Bibi yule, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Xin Zhui, alifariki yapata mwaka 163 kabla ya Kristo, na kaburi lake lilichimbuliwa mwaka 1972. Alikuwa mke wa Li Cang, waziri mkuu wa dola dogo la Changsha lililokuwa chini ya utawala wa Han. Vazi lake jepesi la hariri halifikii gramu 50. Nilitaka kuuelewa wepesi huo kwa mikono yangu, kwa hiyo nilichukua upande mmoja wa kanga ya mama yako, nikaenda nao kwa jirani mwenye duka, tukauweka kwenye mizani ya sukari: ulikaribia gramu 200. Vazi zima lenye mikono mirefu kupita ya kanzu, na uzito wake ni robo ya upande mmoja wa kanga! Fikiria macho na vidole vya waliosokota nyuzi zile.

Lakini kaburini mlikuwa na kitu kingine kidogo, nacho ni muhuri wake. Neno la kwanza katika muhuri huo ni qie, neno ambalo mwanamke alijitajia kwa unyenyekevu mbele ya wakubwa, na ambalo ndilo hilo hilo lililotumika kumtaja suria. Mwanamke aliyezikwa na hariri isiyo na mfano alijiandika kwa neno la mtumishi. Mimi huona kwamba vazi lile na muhuri ule vingepaswa kutazamwa pamoja, maana kimoja bila kingine kinatudanganya.

Sasa sketi yako. Mwanzilishi wa utawala wa Ming, mfalme Hongwu, aliyekuwa mtoto wa wakulima maskini, alitunga sheria nyingi za mavazi ili kila mtu ajulikane kwa kutazamwa tu. Mwaka 1372 aliamuru kwamba nguo rasmi za wanawake wa kawaida ziwe za zambarau bila tarizi ya dhahabu, na kanzu zao ziwe za zambarau, kijani, waridi au rangi nyingine zilizofifia. Nyekundu iliyokolea, buluu iliyoiva na manjano vilipigwa marufuku kwao. Mwaka 1381 akasema wakulima waruhusiwe kuvaa hariri laini, lakini wafanyabiashara wasivae, hata wakiwa na fedha za kununua jora zima. Na familia ya wakulima ikiwa na mtu mmoja tu anayefanya biashara, nyumba nzima ilipoteza ruhusa hiyo. Kisha mwaka 1391 maofisa wa serikali wakapewa vipande vya mraba vya kushonewa kifuani na mgongoni: maofisa wa kiraia walipewa ndege na wale wa jeshi wakapewa wanyama. Korongo alikuwa wa daraja la kwanza, tausi wa daraja la tatu, yangeyange wa daraja la sita, na kware wa daraja la tisa.

Mke wa ofisa naye alivaa alama ya cheo, na hapa ndipo nakuomba utazame kwa makini, kwa sababu ni jambo dogo linaloonyesha mengi. Wakati wa utawala wa Qing, uliofuata baada ya Ming, ndege wa mke alitariziwa akielekea upande ulio kinyume na ndege wa mume, ili wawili hao wakiketi pamoja kwenye hafla, au wakichorwa pamoja katika picha za wahenga, ndege hao watazamane. Ni kazi nzuri mno, na sina shaka kwamba wapo wanawake walioivaa kwa fahari ya kweli. Hata hivyo, yule mama hakufanya mtihani wa serikali uliowapa wanaume vyeo hivyo, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kuufanya, na mumewe akipanda daraja, ndege kifuani pake alibadilishwa. Mama wa ofisa pia aliweza kutunukiwa cheo kwa ajili ya mwanawe, kwa amri ya kifalme iliyoandikwa juu ya hariri. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mama alimkazania mwanawe kusoma usiku kucha, kwa sababu vazi lake la uzeeni lilitegemea kitabu kilichokuwa mbele ya mtoto.

Kwa mwanamke wa kawaida, sheria ililegea siku moja tu, siku ya harusi. Desturi ilimruhusu bibi harusi kuvaa mavazi mekundu pamoja na taji na mtandio vilivyofanana na vya mke wa ofisa, akabebwa katika machela nyekundu na kuingizwa kupitia lango kuu. Suria hakupata hayo. Aliingia kwa mlango wa pembeni, na kwa desturi iliyodumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, sketi nyekundu ya sikukuu ilikuwa haki ya mke wa ndoa, na suria alivaa rangi nyingine, hata kama ndiye aliyezaa watoto wote wa nyumba ile. Mjane naye aliiweka sandukuni. Kwa hiyo mgeni aliyeingia ukumbini siku ya mwaka mpya hakuhitaji kuuliza. Aliangalia sketi, akajua amsalimu nani kwanza. Bibi wa rafiki yako alikuwa akilikumbuka jambo hili, na wanawake wa ukoo wake huenda walilipitia.

Wapo wanaodhani kwamba tarizi ndiyo inayoeleza hadhi ya mwanamke. Mimi ningekupeleka kwenye nguo mbaya kuliko zote, nguo ya msiba. Kanuni za kale zilipanga maombolezo katika madaraja matano, na kila daraja lilikuwa na kitambaa chake, mshono wake na muda wake. Daraja la juu kabisa lilikuwa la kitambaa kigumu cha nyuzi za katani zisizotiwa rangi, kilichokatwa na kuachwa bila pindo, nyuzi zikining'inia, kana kwamba aliyefiwa hakuwa na nguvu ya kushika sindano. Daraja la pili lilikuwa la katani vilevile, lakini kingo zake zilikunjwa na kushonwa. Mke alipofiwa na mumewe, alivaa ile isiyo na pindo kwa miaka mitatu, ambayo kwa hesabu iliyozoeleka ilikuwa miezi 27. Suria naye alimwombolezea bwana wake vivyo hivyo. Mume alipofiwa na mkewe, alivaa ile yenye pindo, kwa mwaka mmoja.

Nilipoisoma kanuni hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa kijana na niliipita haraka. Nimeisoma tena baada ya kumzika mama yako, nikashindwa kuendelea na ukurasa uliofuata. Tena kuna sehemu inayokuhusu wewe, mwanangu. Binti asiyeolewa alimwombolezea baba yake miaka mitatu, ila akishaolewa muda huo ulishuka hadi mwaka mmoja na nguo yake ikapewa pindo, kwa sababu utii wake mkuu ulikuwa umehamia kwa mumewe. Ungeolewa, huzuni yako juu yangu ingepunguzwa kwa mkasi, na si kwa kuwa umenisahau.

Wanawake hawakuyakubali yote kimya. Katika kanuni hizo hizo, mtoto aliyefiwa na mama huku baba yake yungali hai alimwombolezea mama mwaka mmoja tu. Mwaka 674, Wu Zetian, ambaye wakati huo alikuwa malkia na baadaye akatawala kwa jina lake mwenyewe, alipeleka ombi kwamba mama aombolezewe miaka mitatu hata kama baba yu hai, na likakubaliwa. Mwaka 1374 Hongwu, yule yule aliyewanyima wanawake rangi nyekundu, aliamuru mama aombolezewe kwa nguo isiyo na pindo sawa na baba, na akamjumuisha hata mama mzazi aliyekuwa suria. Kwangu mimi, badiliko hilo la pindo ni kubwa kuliko taji lolote lililomo katika makumbusho.

Kuhusu viatu vidogo ulivyoniandikia kwamba vilikuumiza moyo, sitaandika marefu, kwa kuwa umeviona mwenyewe. Kufunga miguu kulianzia miongoni mwa watu wa hali ya juu, na kufikia zama za Song, utawala uliotangulia kabla ya Ming, kulikuwa kumeingia katika familia za maofisa. Mwanamke kijana aliyezikwa Fuzhou mwaka 1243 alikutwa na miguu iliyofungwa pamoja na mamia ya nguo na vitambaa vya thamani. Baadaye desturi ikashuka hadi vijijini. Msichana wa miaka mitano hadi minane alikunjiwa vidole vinne chini ya wayo, na mguu uliosifiwa ulikuwa wa inchi tatu za Kichina. Chukua futi, upime sentimita 10, kisha uweke kidole chako kwenye alama, hapo utaelewa. Waliofunga walikuwa mama wenyewe, kwa hofu kwamba binti mwenye miguu ya kawaida angekosa mchumba wa maana. Wamanchu waliotawala wakati wa Qing waliwakataza wanawake wao kufunga miguu, na katika miaka ya 1660 walijaribu kuwakataza Wahan wote, yaani Wachina walio wengi, wakashindwa na kuiondoa amri hiyo mwaka 1668. Ilichukua zaidi ya miaka 200 mambo kugeuka, na yalipogeuka yaligeuka haraka: uchunguzi uliofanywa wilayani Ding, mkoani Hebei, mwaka 1929, ulikuta karibu wanawake wote waliopita miaka 40 wamefungwa miguu, na miongoni mwa wasichana waliozaliwa baada ya 1919 hakuwapo hata mmoja.

Nisikuache na picha ya kufungwa tu, kwa sababu haitakuwa haki kwa wanawake wale. Utakaposafiri kwenda Guangzhou, fika hadi Shunde. Huko, katika karne ya 19, viwanda vya hariri viliwapa wasichana ujira wao wenyewe, na baadhi yao wakachagua njia ambayo hadi leo inanistaajabisha. Kwa desturi, nywele za msichana zilibadilishwa mtindo na kufungwa kisogoni siku ya kuolewa, na asiyemjua alitambua kwa nywele hizo kwamba huyu ni mke wa mtu. Wanawake wa Shunde walifanya sherehe, wakachana nywele na kuzifunga kwa mtindo wa mke bila mume kuwapo, na kuapa kwamba hawataolewa. Waliitwa zishunü, maana yake wanawake waliojichana wenyewe. Biashara ya hariri ilipoanguka, wengi walikwenda Singapore kufanya kazi za nyumbani, wakijulikana kwa blauzi nyeupe na suruali nyeusi, na fedha walizotuma zikajenga huko kwao Shunde nyumba ya kuzeekea pamoja, Bingyutang, ambayo siku hizi ni makumbusho. Chanuo lile lile lililotumika kumkabidhi mwanamke kwa mumewe, wao walilishika kwa mkono wao.

Sasa kuhusu picha za mahafali: vaa sketi hiyo, mwanangu. Aliyekuazima anajua rangi yake ilimaanisha nini, bibi yake anajua, na sasa wewe pia unajua. Na shahada unayoipokea umeifanyia mtihani wewe mwenyewe. Ila uifunge sawasawa. Mamianqun haina zipu. Huzungushwa kiunoni kama kanga, ina vipande viwili vinavyopishana, na ule upana usio na marinda ndio unaopaswa kukaa katikati mbele, na mwingine katikati nyuma. Mshipi wake wa kiunoni mara nyingi ni wa pamba nyeupe, kwa sababu pamba haitelezi kama hariri. Ukaze hapo kabla hujavaa blauzi ya juu, kisha umwombe rafiki yako asimame nyuma yako akuangalizie kama pindo limelingana kote. Mama yako asingemruhusu mtu kutoka mlangoni kabla ya kulitazama hilo.

Baba yako akupendaye