Re: Oda ya haidrojeni inakataa kutoka

Habari mdogo wangu wa Nachingwea. Nimeona ulipokwama: kwenye mmenyuko wa 2NO + 2H₂ (oksidi ya nitriki na haidrojeni), oda ya H₂, yaani kipeo kinachoonyesha kasi inavyofuata ukolezi wake, umeandika 2, na jaribio la 1 na la 3 hayakubaliani nayo.

Kwanza futa hiyo 2. Umeitoa kwenye mlinganyo, na oda haitoki huko, inatoka kwenye jedwali la majaribio. Vijana wa kidato cha sita ninaokaa nao jioni hapa Mtwara wengi huteleza papo hapo, na inaniuma kwa sababu hesabu yenyewe wanaiweza.

La 1 na la 3 usiyalinganishe, ukolezi wa vyote viwili umebadilika. Tafuta jozi ambayo kimoja kimetulia. Katika la 1 na la 2, H₂ imebaki 0.10, NO imetoka 0.10 hadi 0.20, kasi imetoka 0.0012 hadi 0.0048. Ukolezi mara mbili, kasi mara nne: oda ya NO ni 2. Katika la 2 na la 3, NO imebaki 0.20, H₂ imefika 0.30, kasi 0.0144. Mara tatu kwa mara tatu, oda 1.

Kwa hiyo kasi = k × [NO]² × [H₂]; mabano ni ukolezi, na k ni namba isiyobadilika ya kasi ya mmenyuko huu. Kwa jaribio la 1, k = 0.0012 ÷ (0.10² × 0.10) = 1.2 dm⁶ mol⁻² s⁻¹. Ihakiki kwa jaribio la 3: 1.2 × 0.20² × 0.30 inarudisha 0.0144.