Hivi ni kweli Kongwa kulikuwa na stesheni ya treni?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi naishi Kongwa, babu yangu akikaa na wazee wenzie hawaishi kuongelea treni, ati walikuwa wanaiona hapahapa Kongwa, tena ya moshi. Nikiwahadithia washkaji wananicheka, wanasema mzee anachanganya na Dodoma mjini. Ila mi naona kuna tuta limenyooka linakatiza porini na wala si barabara, alafu shule niliyosoma kengele yake ni kipande cha reli kimening'inizwa mtini. Kulikuwa na stesheni kweli au? Na kama ilikuwepo imeenda wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao washkaji waambie waende wakamwombe babu radhi, mana treni ilikuwepo na stesheni ilikuwepo, ila maisha yake yalikuwa mafupi sana ndo mana vijana wengi hawajui.

Iko hivi. Vita Kuu ya Pili ilipoisha 1945 Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta, kule kwao mafuta ya kula na majarini vilikuwa vinatolewa kwa mgao, basi wakaja na wazo la kulima karanga Tanganyika, na hawakutaka shamba la kawaida, walipanga ekari zaidi ya milioni 3 katika sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ndo ikaanza, mwaka 1947. Sasa mashine zote hizo na mbolea na mafuta utazifikishaje porini? Reli ya Kati ilikuwepo tayari, Wajerumani waliianza Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, na inapita huko Msagali ambako saizi ni wilaya ya Mpwapwa. Kwahiyo wakachepusha tawi kutoka Msagali kuja Kongwa na kuendelea mpaka Hogoro. Hilo ndo tuta lako.

Balaa lilianza hata kabla karanga hazijaota. Mto Kinyasungwe ulifurika ukabeba njia ya reli, mizigo ikabaki kutegemea barabara ya vumbi. Matrekta mengi yalikuwa ya mtumba yaliyobaki vitani, yakafa mapema. Na mibuyu je! Mbuyu wa Ugogo unaujua wewe, jitu limekaa miaka mamia, na mingine ndani ina mizinga ya nyuki, dereva akiugonga tu anatoka nduki. Kwenye vichaka wakaja kugundua njia ya kuchukua mnyororo wa nanga ya meli, wanaufunga kati ya buldoza mbili, zinatembea sambamba huku mnyororo unalaza kila kitu katikati. Mnyororo wa meli, Kongwa, ambako hata bwawa la kuogea ng'ombe kiangazi ni shida!

Vibarua nao hawakukaa kimya. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar waligoma, mgomo ukapanda na reli stesheni kwa stesheni mpaka ukaingia Kongwa kwenyewe. Hiyo huwa haisimuliwi sana, watu wanapenda kucheka habari ya karanga tu.

Kilichoua mradi hasa ni udongo na mvua. Karanga unaijua inakaa chini, lazima uing'oe, na udongo wa Kongwa una mfinyanzi, mvua ikikata tu unakuwa kama sakafu ya saruji, hung'oi kitu. Mvua yenyewe ya kubahatisha. Wagogo hawakuwa wajinga kulima uwele na mtama na kufuga ng'ombe miaka yote hiyo, ila kwa maoni yangu aliyekuja na ramani na mahesabu kutoka London hakuona sababu ya kumuuliza mzee mwenye jembe la mkono. Wakajaribu alizeti, nayo ikapigwa na ukame. Januari 1951 serikali yao ikakubali yaishe, hasara ikitajwa kuwa pauni milioni 36.

Sasa stesheni ikabaki inangoja mzigo gani? Sehemu kubwa ya ardhi ikageuzwa malisho, na ndo asili ya ranchi mnayoiona mpaka leo. Tawi likafungwa humohumo miaka ya 1950 na reli ikang'olewa.

Kuhusu kengele ya shule, ukienda siku wanafunzi wamefunga omba ruhusa, sugua kutu ubavuni mwa kile chuma, pale pembamba katikati. Reli nyingi zina maandishi yaliyonyanyuka: jina la kiwanda, mwaka iliyotengenezwa, wakati mwingine na uzito. Ila ukikuta mwaka wa zamani kuliko 1947 usishangae, reli ilikuwa inatolewa njia moja inapelekwa nyingine.

Alafu kuna kipande ambacho mi nakiona kizuri kuliko karanga zote. Mwaka 1964 wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini walipopewa eneo Kongwa, walichokuta ni majengo ya stesheni yaliyotelekezwa, wakayakarabati kwa mikono yao wakaweka kambi. FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola nao wakawa na kambi zao hapo jirani. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, kapita Kongwa, Chris Hani wa ANC kakaa Kongwa. Na wale wa SWAPO waliopigana Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, pambano lililofungua vita ya ukombozi ya Namibia, walitokea Kongwa. Yaani stesheni ilipata kazi kubwa zaidi baada ya kufungwa. Muulize babu na hiyo, najua ana mengi.

SWALI: Hiyo Msagali ndo ile ya ajali ya treni?

JIBU: Ndiyo, ni eneo hilo. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima maeneo ya Msagali na Igandu, ikaanza kurudi kinyumenyume kwa kasi mpaka ikaivaa treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Mungu awarehemu.

SWALI: Sasa na SGR hii, reli mpya ya kisasa, tawi la Kongwa si lingerudi tu? Tunateseka na mabasi.

JIBU: Usitegemee ndugu yangu. SGR imeanza kubeba abiria Dar mpaka Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na upande wenu ina stesheni Gulwe na Igandu, Kongwa haimo. Lile tuta la zamani halifai pia, reli ya mkoloni ni upana wa mita moja, ya SGR ni milimita 1435, na kona zake zinataka nafasi kubwa. Ukitokea Dar we shuka Dodoma, panda gari la kurudi mpaka Mbande, pale unachukua la Kongwa. Ukitaka kushukia Gulwe uliza kwanza wakati wa kukata tiketi, mana siyo kila treni inasimama.