Je, porini ndiko kulikomfunda Roosevelt?

*Shikamoo Mzee. Kijana wetu kamaliza kidato cha nne. Baba yake anataka aende Simanjiro kwa babu yake akachunge ng'ombe mpaka matokeo yatoke, eti hata Rais Roosevelt wa Marekani alifundwa na pori. Ni kweli au ananipiga fiksi?*
*Mama mtu, Arusha*

Marahaba, mama. Mumeo kakueleza nusu. Theodore Roosevelt mwenyewe alisema asingekuwa rais bila maisha yake ya North Dakota. Ila hakwenda kule kukomazwa. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mkewe walifariki siku moja, nyumba moja, New York. Kichanga chake akamwachia dada yake, akakimbilia Badlands, nchi ya makorongo huko North Dakota ambako alikuwa na ng'ombe tangu mwaka uliotangulia.

Wachungaji walimcheka kwa miwani yake, wakamwita Macho Manne. Ukoo wake wa kitajiri haukumsaidia kitu pale. Machi 1886 wezi wakamwibia mashua. Watu wake wakaunda nyingine, wakawafuata mtoni katikati ya barafu, wakawakamata watatu. Kule mwizi alikuwa akimalizwa papo hapo. Yeye aliwapeleka kwa sherifu, yaani mkuu wa polisi, mjini Dickinson, wao kwenye gari la kukokotwa, yeye nyuma kwa miguu, bunduki mkononi, matope tele, bila kulala.

Kisha ikaja baridi ya 1886–87. Malisho yalikuwa yameshamalizwa na mifugo kupita kiasi, kiangazi kimekausha yaliyobaki, theluji ikafunika. Zaidi ya nusu ya ng'ombe wake walikufa.

Hapo namwelewa. Nilichunga kwa mjomba mwaka wa ukame. Asubuhi ng'ombe hanyanyuki: mmoja anashika mkia, mwingine pembe, mnainua pamoja, mkimwachia tu magoti yanakunjika. Ukishayaona hayo, huamini tena kwamba nyasi hazina mwisho. Roosevelt alipokuwa rais, kuanzia 1901, alitenga ekari kama milioni 230 zihifadhiwe. (Huyo huyo alishuka Mombasa 1909, yeye na mwanawe wakaua wanyama 512. Pori halikumtoa kila kitu.)

Mwache kijana aende, ila babu asimpokee kama mgeni wa mjini. Apewe ndama wake wa kuwajibika nao, na wakipotea arudi kuwatafuta mwenyewe. Mnunulie na katambuga. Raba zake hazimalizi wiki kwenye ile miiba.