Jibu: Tuanze na kanji au hiragana?

Ndugu yangu, umeuliza nyie mnaojifunza pamoja hapo Ngamiani, Tanga, muanze na herufi zipi za Kijapani. Anzeni na hiragana, yaani herufi za silabi, 46 tu. Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, wekeni kando kwanza. Zile za matumizi ya kawaida ni 2,136, zitawakatisha tamaa bure. Irabu zao ni a-i-u-e-o kama zetu, hapo Mswahili hana shida. Katakana, herufi nyingine za silabi, zifuate, ndizo za maneno ya kigeni: Tanga huandikwa タンガ, na hiyo n ina herufi yake peke yake. Kwenye sarufi, kitenzi hukaa mwisho: watashi wa sakana o tabemasu, yaani mimi samaki nakula. Angalieni hiyo "wa" inayofuata watashi, huandikwa は, herufi ya ha! Wengi huteleza hapo. Mkikutana mmoja asome, wengine waandike kwa mkono, sio kwenye simu.