Dorchester-on-Thames: uliza jina la mto kabla hujapiga picha

Siku ya kwanza nilipofika Dorchester-on-Thames, kijiji kidogo kusini mwa Oxford, Uingereza, nilishuka basi, nikaenda moja kwa moja darajani na kujipiga picha kumi hivi. Nikazirusha kwenye kundi la familia: "Mto Thames huo!" Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akanisahihisha kwa upole. Huo ni Thame, bila s. Thames wenyewe uko ng'ambo ya malisho, mwendo wa kama dakika ishirini. Picha zilishafika Tanga.

Basi vaa viatu visivyoogopa tope. Mimi nilikuwa na raba nyeupe, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njia inapita kando ya Dyke Hills, matuta ya udongo ya Zama za Chuma. Miaka ya 1870 mwenye shamba alianza kuyasawazisha apate kulima, na kelele zilizopigwa ni miongoni mwa mambo yaliyozaa sheria ya 1882 ya kulinda mambo ya kale. Ukiyapita unatokea Day's Lock, mashua zinapopandishwa na kushushwa kwa malango ya maji.

Lakini usiondoke bila kuingia kanisani, na usiingie mbio. Mwaka 635 Askofu Birinus alimbatiza hapa Cynegils, mfalme wa Wessex, ufalme wa kale wa kusini mwa Uingereza. Jengo la sasa lilikuwa la watawa wa Mtakatifu Augustino. Mfalme Henry VIII alipowafukuza mwaka 1536, tajiri mmoja wa hapo, Richard Beauforest, alinunua sehemu ya kanisa kwa pauni 140 na kuwaachia wanakijiji. Beseni la ubatizo la karne ya 12 ni la madini ya risasi tupu. Sehemu nyingine risasi ya makanisa iliyeyushwa ikauzwa. Tafuta dirisha la Yese, babake Daudi: amelala chini, na mti wa jiwe unamea kutoka mwilini mwake, matawi yakikatiza vioo.

Kisha msogelee shujaa wa jiwe, sanamu ya askari wa kale. Kalala chali, miguu kaipishanisha, mkono uko kwenye mpini wa upanga kama aliyesikia mlango ukigongwa. Nilijikuta nimerudi nyuma hatua moja.

Safari ya pili nilituma picha za Thames halisi. Shangazi akajibu: "Ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi."