Vumbi Kwenye Tundu la Bati

SWALI: Shikamoo mwalimu. Asubuhi jua likipenya tundu la bati jikoni, naona vumbi linaelea. Nasikia zipo mashine zinazotambua umbo la chembe bila kuigusa. Zinawezaje? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba. Mimi nilimuuliza bibi yangu swali kama hilo kule Iringa, akanikabidhi ufagio!

Chembe ikipigwa na mwanga huutawanya pande zote, ila si sawasawa. Mashine hupitisha chembe mojamoja mbele ya leza, na vipokezi kadhaa hupima mwanga unaoruka kila upande. Tone la ukungu, kama ule unaowafunika huko Uporoto, ni mviringo kama gololi, kwa hiyo mwanga wake husambaa kwa ulinganifu, kama pete. Unyuzi wa asbesto, yaani madini yenye nyuzi nyembamba, hutupa mstari wa mwanga unaokingama na urefu wake. Punje ya vumbi yenye pembepembe? Mabaka shaghalabaghala.

Hesabu za jinsi tufe, yaani umbo la gololi, linavyotawanya mwanga alizichapisha mwanafizikia Mjerumani Gustav Mie mwaka 1908. Maumbo mengine ni magumu zaidi, ndiyo maana mara nyingi mashine hulinganisha tu mabaka hayo na ya chembe zinazojulikana.