Mwanangu anasema, lakini ni dada yake tu anayemwelewa

SWALI: Shangazi, shikamoo. Naishi Mtwapa, nina watoto wawili. Kitindamimba wangu ana miaka mitatu na miezi minane. Anasema kutwa nzima, ila watu wa nje hawaambulii kitu. Dada yake wa miaka saba ndiye mkalimani. Samaki ni "tamati", kuku ni "tutu", na maji jana yalikuwa "madi", leo "abi". Msimu wa mvua uliopita sikio lake lilitoa usaha mara mbili. Zahanati waliniambia watoto wa kiume huchelewa, nisubiri. Mavyaa anataka apelekwe kwa mzee akakatwe kimeo na kamba ya ulimi. Baba yake anasema ni Kiingereza cha shuleni kimemchanganya. Nifanyeje?
Mama wa Mtwapa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na kukatwa, maana ndilo jambo lisilorudi nyuma.

Kimeo hakimzuii mtoto kusema. Ni ncha ya kaakaa laini, na kaakaa hilo ndilo hufunga njia ya puani tunapotamka p, t au k. Kisu kikipita mahali pake, sauti huanza kuvujia puani na uji hurudi kwa pua, mbali na damu kuingia mapafuni na pepopunda. Kuhusu kamba ya ulimi, jibu limo ndani ya barua yako. Kamba huzuia ncha ya ulimi. T hutamkwa kwa ncha hiyo. K hutamkwa kwa ulimi wa nyuma. Mtoto anayemwita kuku "tutu" anaitumia ncha yake barabara, tena mno! Ukitaka kuhakikisha, mwambie atoe ulimi alambe asali mdomoni. Kamba fupi kweli huivuta ncha ikaingia ndani, ulimi ukawa na umbo la kopa. Hata hapo, anayeamua na kukata ni daktari. Mweleze mavyaa hivyo kwa upole. Hofu yake na yako ni moja.

Kiingereza nacho hakina hatia. Lugha mbili hazizai tatizo la matamshi, na tatizo likiwepo huonekana katika zote mbili. Zungumza naye lugha unayoimudu zaidi, bila kuikatakata.

Sasa hilo "subiri". Kwa kawaida mgeni huelewa kama nusu ya maneno ya mtoto wa miaka miwili, robo tatu akifika mitatu, na karibu yote akifika minne, hata kama makosa madogo yamebaki. Wako amebakiza miezi minne tu. Ni kweli wavulana huchelewa kidogo, lakini ni kwa wiki au miezi michache, si kiasi hiki. Mtu akikuambia usubiri, muulize mpaka tarehe gani, na siku hiyo atapima nini. Asipokuwa na tarehe, hajakupa ushauri, amekuaga.

Makosa ya mwanao ni ya aina mbili. "Tutu" na "tamati" yana kanuni: k imegeuka t, na s nayo imegeuka t. (Maskini samaki wenu, kila akitajwa hadithi imekwisha.) Watoto wengi hupitia hapo, na wengi huwa wameacha wakikaribia miaka minne. R kuwa l, "toto" badala ya mtoto, "keli" badala ya baiskeli, hayo yasikunyime usingizi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwanzo wa neno refu ndio hudondoka kwanza. Th, dh na gh huchelewa, na wapo wazee wenye wajukuu wasiozitamka mpaka leo.

Kilichonishtua ni maji. Neno moja likitoka kwa sura mbili ndani ya siku mbili, hapo hakuna kanuni, na tiba yake si ile ya "tutu". Lipime nyumbani hivi. Chagua vitu 25 anavyovijua: kijiko, mlango, ndizi, kiatu. Mwonyeshe kimoja kimoja akitaje, bila wewe kukitaja kwanza. Mwache acheze, rudia vyote. Acheze tena, rudia mara ya tatu siku hiyohiyo. Andika alivyotamka, si alivyokusudia. Maneno 10 au zaidi kati ya 25 yakibadilikabadilika, hicho ndicho kiwango wataalamu wengi hukiita matamshi yasiyo thabiti. Angalia pia irabu. Kiswahili kina tano tu, na mtoto wa umri wake huwa amezishika. Katika mifano uliyoandika zimesalimika, nalo ni jema.

Hata hivyo, daftari hilo lisikutangulize kwa mtaalamu wa matamshi kabla ya masikio. Sikio lililotoa usaha mara mbili linaweza kubaki na majimaji nyuma ya ngoma yake bila maumivu wala homa. Mtoto husikia kama aliyejiziba kwa vidole, leo vizuri, kesho vibaya. Akiitwa kwa sauti anageuka, kwa hiyo nyumbani hamshuku kitu. Sauti nyembamba kama s na f ndizo zinazompotea. Kupiga makofi nyuma yake si kipimo, na kumulikwa tochi sikioni hakuonyeshi anasikia kiasi gani. Omba vipimo viwili. Cha kwanza hupima mwendo wa ngoma ya sikio: kizibo laini huwekwa mlangoni mwa sikio, haichukui dakika, na mtoto hahitaji kujibu chochote. Cha pili ni cha mchezo: anavaa vipokea sauti, na kila akisikia mlio anatia kitu kikapuni. Umri wake unakiweza, hasa akifanya mazoezi nyumbani kwa visoda na kopo. Wakikuta majimaji, mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, basi rudi apimwe tena muda huo ukiisha. Usaha ukirejea, usimtie mafuta wala maziwa ya mama sikioni.

Zahanati omba barua ya rufaa kwenda kliniki ya masikio, pua na koo katika Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, na iandikwe waziwazi "kupimwa usikivu na matamshi". Usingoje siku ya miadi ifike ndipo ugonge mlango wa pili. Wizara ya Elimu ina vituo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalum vinavyojulikana kwa jina la EARC, vilivyoanza mwaka 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti itakuelekeza kilichoko Kilifi. Hupokea hata watoto ambao hawajaanza shule, na barua yao itamsaidia mwalimu wa chekechea. Ukikwama kote, taasisi ya elimu maalum ya KISE iliyoko Kasarani, Nairobi, ina kituo cha tathmini. Wataalamu wa matamshi ni wachache na wengi wako miji mikubwa, kwa hiyo ukipata mmoja muulize kama anaweza kufuatilia kwa video baada ya kumwona mtoto ana kwa ana.

Beba kitabu cha kliniki, yale maneno 25, tarehe za usaha, na video ya dakika mbili akicheza na kupiga soga, kwa sababu watoto wengi hunyamaza ghafla mbele ya mgeni. Uandike kama alipata umanjano alipozaliwa, kama amewahi kulazwa kwa homa ya uti wa mgongo, kama maziwa yalimtokea puani, na kama kuna mtu kwenu aliyechelewa kusema.

Usirudi na karatasi iliyoandikwa "amechelewa kusema" pekee. Hilo ulilijua kabla ya nauli. Uliza: anasikia vipi, anaelewa kiasi gani anachoambiwa, kinywa na kaakaa vikoje, na makosa yake yana kanuni au hayana? Yakiwa na kanuni, atafundishwa kutofautisha sauti, k na t kwa mfano. Yasipokuwa nayo, huchaguliwa maneno kama 50 au zaidi anayoyahitaji kila siku, akashikishwa kama 10 kwa wiki, kila neno kwa sura moja. Akionekana kuhangaika na midomo akitafuta mahali pa kuanzia, na neno likirefuka ndivyo linavyoharibika, huenda watataja apraksia ya usemi: misuli ni mizima, mpango wa kuisogeza ndio unaoyumba. Hiyo hudai mazoezi mafupi mara nyingi kwa wiki. Mara moja kwa mwezi ni kupoteza pesa.

Nyumbani, mpe dakika kumi kila siku, televisheni imezimwa. Akisema "tutu", usimwambie "sema vizuri" wala usimrudishe. Jibu, "Ehe, kuku. Kuku anakula. Kuku mkubwa." Ameisikia k mara kadhaa bila kuaibishwa. Msipomwelewa, mpe mawili achague: "Wataka uji au maji?" Filimbi na maputo usinunue kama dawa. Kupuliza hufundisha kupuliza, na hakuna k iliyowahi kutoka kwenye puto.

Mambo mawili hayangoji miadi: akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, au akiacha kugeuka anapoitwa. Nenda wiki hiyohiyo.

Na yule mkalimani wako, siku ya kupimwa mwache kwa bibi yake. Anampenda ndugu yake, na kila swali atalijibu yeye.